Printa Iliyoijua Chai Isimjue Kugo

Jumapili, Agosti 1999. Kaplong.

Mvua ilitukuta tukitoka kanisani na mpaka sasa haijapumzika. Stima zipo, ajabu ya mwaka. Nimefunga mlango wa ofisi, nimekaa mbele ya kompyuta na kikombe cha chai, na nina hasira. Si hasira ya leo. Ni ya wiki nzima, na nimekuja kuimwaga hapa kwa sababu watu wote niliokuwa nikiwamwagia wameanza kunikwepa.

Kaa chini, shajara, nikueleze.

Nilitaka printa ya picha. Basi. Sikuomba ndege, sikuomba mtu anijengee barabara. Nilitaka mashine ya kuchapisha uso wa mtu kwenye karatasi, uso huo ukabaki kuwa uso wa mtu.

Kama kuna mtu atasoma hii siku moja (huwa naiweka kwenye diski, nikipata safari ya Nakuru naipandisha kwenye ukurasa wangu wa mtandao), ajue kwamba mimi naitwa Chepkemoi na nina kiofisi hapa Kaplong. Nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti. Kompyuta yangu inatumia Linux. Najua, najua. Watu wakisikia hivyo wananiangalia kama nimeokoka kwenye kanisa lisilojulikana. Zamani nilikuwa na Windows ya kunakiliwa, ikaingia virusi, ikala kazi za wateja, na mwenye kuninakilia hakuonekana tena. Linux niliipata kwenye CD iliyobandikwa juu ya gazeti la kompyuta la ng'ambo, gazeti kuukuu nililonunua kando ya barabara Nairobi. Ni ya bure, lakini si ubure ulionishika. Kilichonishika ni kwamba iko wazi. Kila kitu kinachofanyika ndani yake kimeandikwa mahali, na ukiweza kusoma unaweza kukibadilisha. Hakuna mtu anayekuuliza wewe ni nani.

Sasa, Kogo.

Kogo ni nyanya yangu, mama yake baba. Anakaa nyumbani kwetu, mwendo mfupi kutoka sokoni, na ndiye aliyenilea. Jicho lake la kushoto limeshaenda. La kulia lina mtoto wa jicho, na kesho tunampeleka hospitali alazwe ili Jumanne wajaribu kumfanyia upasuaji. Daktari hakuficha. Alisema jicho limechelewa, watajaribu, lakini hawezi kuahidi. Kogo alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga leso yake vizuri, tukaenda zetu. Tulipofika nyumbani ndipo akasema neno lake. Kogo hasemi Kiswahili kingi, kwa hiyo haya ni maneno yake ya Kipsigis nikiyaweka kwa Kiswahili changu:

"Kabla hawajanigusa jicho nataka nimwone mzee wangu vile alivyokuwa. Wakiharibu, niwe nimeshamwona."

Mzee wake ni Kugo, babu yangu, aliyekufa nikiwa msichana mdogo. Picha yake ni moja tu duniani. Ilipigwa kwenye maonyesho ya kilimo na mpiga picha wa kutembea, picha ya rangi, kitu cha fahari wakati huo. Kugo amesimama na koti lake, kofia ameshika mkononi. Wakaitundika sebuleni mkabala na dirisha, na jua la asubuhi likaifanyia kazi miaka yote hiyo. Buluu imeondoka, manjano imeondoka, imebaki nyekundu. Kugo sasa ana uso wa rangi ya matofali na koti la pinki. Kogo anasema yule aliyeko ukutani hamjui, amezoea tu kumsalimia akipita.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa wazi. Niiingize picha kwenye kompyuta kwa skana, nirudishe rangi, nichapishe, Kogo aione kabla ya Jumatatu. Skana nilikuwa nayo. Programu ya kurekebisha picha ilikuja ndani ya ile CD. Printa yangu ni ya barua, inatoa weusi peke yake. Nilihitaji printa ya picha.

Hapo ndipo balaa ilipoanzia, na hapo ndipo na mimi nilipofanya ujinga.

CD yangu ilikuja na maelezo ya kuchagua printa. Nimeyasoma hayo maelezo, na nimewahi kuwahubiria watu wengine. Yanasema: kabla hujanunua, uliza printa inaelewa lugha gani. Kuna printa zisizo na akili zao zenyewe, kila kitu zinafikiriwa na Windows, na lugha yao kampuni imeificha. Hizo kimbia. Kuna nyingine ambazo mwenye kuzitengeneza ameitoa lugha yake hadharani, mtu yeyote anaweza kuandika programu ya kuzungumza nazo. Hizo ndizo zako. Maelezo mafupi hivyo, hata mtoto anaelewa.

Mimi nilienda Kericho Jumatatu iliyopita, nikaingia kwenye duka la Mama Wanjiru anayeuza vifaa vya ofisi, nikasahau yote. Unajua nilisahaulishwa na nini? Na chai.

Huku kwetu picha inapimwa kwa chai. Sijui ni nani alianzisha. Kalenda ikija, kitu cha kwanza watu wanatazama ni shamba la chai, kama kijani chake ni chenyewe. Kikikosea kidogo tu utasikia watu wanacheka, "Hiyo si sukuma wiki?" Tumeamka na hicho kijani tangu tuzaliwe, kikiwa na umande, kikiwa na jua, kikiwa na mvua ya mawe, na hakuna wa kutudanganya. Basi na mimi nilibeba kwenye diski picha ya shamba letu, ndiyo niliyoichukua kuwa kipimo. Mama Wanjiru akaitoa kwenye printa mpya inayong'aa, iliyounganishwa na kompyuta yake ya dukani. Shajara, kijani kilitoka! Kila jani lilikuwa jani. Wateja wakasogea. Mzee mmoja mwenye koti la kiwanda cha chai akaishika karatasi, akaigeuza kwenye mwanga, akasema, "Hii hata naweza chuma." Watu wakacheka, mimi nikacheka, nikabeba sanduku langu nyumbani nikiwa na kiburi cha bi harusi.

Sikuuliza lugha. Sikuuliza chochote.

Jioni hiyo nikaiunganisha na kompyuta yangu. Ikatoa karatasi yenye mstari mmoja wa alama za kichaa. Ikatoa ya pili, tupu. Ya tatu, tupu. Ikaendelea kutema karatasi tupu mpaka nikachomoa waya. Ilikuwa ni ile ile ninayohubiri watu waikimbie, bubu kabisa bila Windows.

Sawa, hilo nilijilaumu mwenyewe. Kilichonikasirisha kilikuwa bado kinakuja.

Kesho yake nikairudisha Kericho, na nikameza kiburi. Nikamwambia Mama Wanjiru aniunganishie tena na kompyuta yake yenye Windows, nichapishe picha moja tu ya babu yangu, kisha tuzungumze mengine. Nilikuwa nimeshairekebisha picha. Kwenye skrini Kugo alikuwa amerudi kuwa mtu, koti la kaki, ngozi nyeusi yenye joto ndani yake. Nikabonyeza. Tukangoja.

Ikatoka maiti.

Naomba unisamehe kwa neno hilo, lakini sina lingine. Uso wa jivu. Midomo ya kijani. Chini ya mashavu, mahali penye kivuli, palikuwa doa jeusi lisilo na kitu. Mama Wanjiru mwenyewe, na yeye ndiye muuzaji, alishika kifua.

"Haiya! Huyu mzee amefanywa nini?"

"Ni printa yako imemfanya," nikamjibu.

Alikimbilia kunionyesha picha ya mfano iliyokuja ndani ya sanduku, labda wino una shida. Mfano ulikuwa mtoto wa kizungu ameshika puto. Mashavu yake yalitoka vizuri kama tunda, hata nywele za mkononi ungeweza kuziona. Wino haukuwa na shida. Mashine ilikuwa inaweza. Inamjua yule mtoto wa puto, inalijua jani la chai, lakini babu yangu haimjui. Mtu fulani huko ilikotengenezwa alikaa na nyuso za watu wake, akapima, akarekebisha, akaona sawa, akafunga mlango na kutupa ufunguo. Sisi hatukuwa kwenye meza yake. Na sisi pia tunainunua kwa bei ile ile.

Nikaomba simu ya dukani, nikapigia wakala wa ile kampuni Nairobi. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, hiyo nampa. Nikamweleza taratibu. Nikamwuliza nitafanyaje ili uso wa mtu mweusi usitoke jivu.

"Madam, hizo settings ni za factory. Haziwezi badilishwa."

Nikamwuliza basi anipe lugha ya printa, mimi nitaandika settings zangu mwenyewe.

"Hiyo ni siri ya kampuni, madam."

Basi ninaambiwa nifanye nini?

"Jaribu kutumia picha nyingine."

Picha nyingine! Nilibaki na mkono wa simu sikioni. Nitumie babu mwingine? Niende kwenye maonyesho ya kilimo ya miaka ile nimwambie Kugo asimame tena, lakini safari hii aje na mashavu ya pinki? Nilimwambia kijana yule maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu nimetoka kanisani. Mama Wanjiru alinipokonya simu, nadhani alihofia bili kuliko roho yangu.

Nilirudi nyumbani nikiwa sina printa wala maneno. Baba Mdogo Kipsang, ndugu mdogo wa baba, alikuwa amekuja kwa ajili ya mambo ya hospitali. Nikamweleza, nikitegemea angalau apandwe na hasira kidogo, maana huyo ni baba yake mzazi.

"Si uweke Windows kama watu wengine, mambo iishe?" akasema. "Na kwani Baba alikuwa mweusi? Baba alikuwa brown."

Baba Mdogo mwenyewe ni mweupe kidogo na anajipenda. Nikamwambia printa imemtoa jivu hata kwenye hiyo Windows yake. Akasema picha ni picha, tumchapishie mama chochote, jicho lenyewe linaona ukungu. Niliondoka hapo kabla sijamkosea heshima. Kwamba Kogo haoni vizuri ndiyo sababu ya kumpa kitu cha uongo? Ndiyo sababu ya kutompa!

Jumatano asubuhi Mama Wanjiru akanipigia simu ofisini. Sikutarajia. Alisema ule uso haukumtoka akilini, kwamba usiku alimfikiria baba yake, na akaniambia hivi: "Wewe lete hiyo CPU yako hapa. Tutajaribu kila printa iko kwa hii duka. Ile itaongea na hiyo kitu yako, chukua. Ile ya kwanza nimerudisha kwa stock, haujaharibu."

Nikaifunga kompyuta yangu kwa blanketi, blanketi nikalitia kwenye gunia la nailoni, nikaipakata mpaka Kericho. Mama Wanjiru akanisafishia meza karibu na dirisha. Safari hii sikubeba picha ya chai.

Ya kwanza ilikataa hata kuamka. Ya pili iliamka, ikatoa weusi peke yake, rangi ikaficha. Ya tatu ilikuwa ndugu ya ile bubu, niliiacha kwenye sanduku lake. Mama Wanjiru alikuwa anazishusha rafuni moja moja kwa mikono yake, akihema, na kila moja ikikataa anaitukana kwa Kikuyu, nami nikaanza kumpenda. Mwishowe akapanda kiti, akatoa juu kabisa sanduku lililogugunwa na panya pembeni. Printa ya kijivu, pana, ya mtindo wa zamani kidogo. Alisema hakuna mtu anaitaka, ni ya polepole na sura yake mbaya.

Nikafungua maelezo ya CD. Ilikuwemo. Mwenye kuitengeneza ametoa lugha yake hadharani, na watu wa Linux wameshaiandikia programu. Nikatuma ukurasa wa majaribio. Ikakoroma, ikavuta karatasi, ikaandika kila rangi mahali pake. Nilipiga makofi peke yangu.

Nikatuma Kugo.

Jivu.

Sikuamini. Si jivu kama la kwanza, lakini jivu. Nilikaa kwenye kiti cha Mama Wanjiru, machozi yakanitoka, na niseme ukweli hayakuwa ya huzuni. Hata hawa wa mlango wazi! Hata hawa walipopima hawakuwa na uso wetu mezani. Mama Wanjiru aliniletea maji kwenye glasi.

Lakini kuna tofauti moja, na kwa ajili ya tofauti hiyo naandika haya yote. Hawa nao walikosea, ila hawakufunga. Rangi za hiyo printa zimeandikwa kwenye faili la maneno, faili la kawaida, unalifungua na kulisoma kama barua. Nikalifungua pale pale. Nikasoma mstari kwa mstari, nikaona ni nini kinamuua Kugo. Faili linamwambia wino mweusi aingie mapema. Rangi ikiwa nzito kidogo tu, weusi unamwagwa juu yake. Kwa puto si neno. Kwa uso wa mtu wetu, ambao karibu wote ni rangi nzito, wino mweusi unaingia kila mahali na kuizima ile hudhurungi iliyoko chini. Uso wetu hautengenezwi na wino mweusi. Unatengenezwa na ile mingine mitatu, buluu, nyekundu na manjano, ikichanganyika, weusi unakuja mwisho kabisa, kwenye mboni na chini ya kidevu.

Nikabadilisha tarakimu, nikamchelewesha mweusi. Sikumpigia mtu simu.

Karatasi iliyotoka haikuwa Kugo bado, lakini ilikuwa mtu hai. Mama Wanjiru akasema, "Sasa huyu naweza msalimia." Nikabeba printa.

Alhamisi mpaka jana imekuwa ni mimi, faili na Kogo. Sikuwa na mtu mwingine wa kuuliza. Mimi namkumbuka Kugo kwa harufu ya koti na fimbo yake, rangi ya uso sina. Baba hakumbuki vizuri, Baba Mdogo ana brown yake. Kwa hiyo nikawa nachapisha kipande kidogo cha uso tu, nakimbia nacho nyumbani, Kogo anakaa mlangoni mwa jikoni penye mwanga, analeta karatasi karibu na jicho mpaka pua inagusa.

Cha kwanza: "Huyu ni mgonjwa."

Kingine: "Huyu amekasirika."

Kingine alikitazama kwa muda mrefu, nikaanza kutabasamu, akanirudishia na kusema huyo ni shemeji yake.

Nilichoka, nikamwuliza kwa sauti ya juu kuliko inavyofaa: basi alikuwa na rangi gani? Kogo hakukasirika. Akasema alikuwa kama chai ya rangi ikiwa kwenye glasi, ukiinua glasi juu mbele ya mlango. Si ile ya kwenye kikombe, akasisitiza. Ya kwenye glasi, na mwanga nyuma.

Nikarudi ofisini, nikapika chai ya rangi, nikaimimina kwenye glasi na kuiweka dirishani kando ya skrini. Nikaitazama kama mjinga. Kulikuwa na wekundu ndani yake ambao nilikuwa nimeuogopa kwa sababu ya ile picha ya matofali, na chini ya wekundu kulikuwa na manjano. Nikaongeza manjano kwenye vivuli, nikaachia wekundu kidogo, nikamchelewesha mweusi tena. Jana karatasi zangu nzuri zilikuwa zimebaki chache, na kwa unyevu wa huku wino unakataa kukauka, nikawa nazining'iniza juu ya jiko la makaa kama samaki. Jana jioni nikatoa moja nikaona hii sitaipeleka kipande. Nikaichapisha nzima, koti na kofia na vyote.

Leo baada ya kanisa nikampelekea.

Baba, Mama na Baba Mdogo walikuwa sebuleni wakipanga nani atalala hospitali. Kogo alikuwa mlangoni mwa jikoni kama kawaida, mvua ikidondoka mbele yake. Nikampa. Akaileta karibu na jicho. Nikajiandaa kusikia ni shemeji, ni jirani, ni nani.

Akaisogeza chini, akaangalia koti. Akapandisha tena usoni. Kidole chake kikapita kwenye shavu la karatasi, na mimi badala ya kufikiri kitu cha maana nikawa nafikiri wino haujakauka vizuri, atamfuta.

Kisha Kogo akaanza kumgombeza.

Si kwa sauti kubwa. Alimgombeza vile mke anamgombeza mume watu wakiwa karibu. "Ulisema unaenda Chepseon siku moja," akamwambia. "Ulisema hutalala huko." Kugo alienda Chepseon kwa ajili ya ng'ombe, akaugua huko huko, wakamrudisha akiwa amekufa. Hiyo hadithi naijua tangu utoto, lakini katika maisha yangu sijawahi kumsikia Kogo akilalamika juu yake. "Niliweka chakula," akamwambia. "Nikaweka na kesho yake." Akaendelea hivyo, na ng'ombe, na shamba ambalo watu walimsumbua nalo, na Baba Mdogo aliyetaka kuacha shule. Miaka yote hiyo hakuwa na wa kumwambia. Yule wa matofali hakuwa yeye.

Mimi nilisimama mvuani nikilia kama mtoto. Wacha niliseme.

Baba Mdogo alitoka sebuleni kusikia kuna nini. Akaitazama picha juu ya bega la mama yake, na nilimwona akitafuta brown yake akaikosa. Hakubisha. Akasema ataleta nyundo na msumari, aitoe ile ya zamani sebuleni aweke hii.

"Hapana," Kogo akasema. "Huku. Jikoni."

"Mama, si jikoni," Baba Mdogo akasema. "Mzee wa boma anakaaje jikoni?"

Mtu asiye wa kwetu ajue kwamba mzee kama Kugo haingii jikoni. Ni nyumba ya wanawake, chakula kinaletwa alipo. Kogo alinyoosha mkono kuelekea ndani, kwenye mawe matatu, sufuria, kuni zinazokauka darini.

"Tangu anioe hajawahi kuvuka huu mlango," akasema. "Sasa aingie aone kazi. Na jicho lisiporudi, hapa ndipo nashinda kutwa. Nitajua yuko wapi."

Baba Mdogo akaleta msumari.

Mimi ndiye niliyebaki na wasiwasi. Nikamweleza Kogo kwamba hii si picha ya studio, ni wino wa maji, na moshi wa kuni utamla mpaka mwaka uishe hatakuwa na sura. Bora sebuleni mbali na dirisha. Kogo akaniuliza kama ile mashine yangu imeshamsahau. Nikasema hapana. Rangi zake nimeziandika kwenye faili, ziko pale kwa mkono wangu mwenyewe.

"Basi," akasema, akarudi kuchochea moto.

Kesho asubuhi tunampeleka. Sijui Jumanne jicho litaamkaje. Lakini moshi ukimla Kugo nitamtoa mwingine. Ukimla huyo, nitamtoa tena, vile alivyokuwa, na sitaomba ruhusa ya mtu.